Machela ya Baba na Lifti ya Hospitali

Baba,

Assalaam aleikum, wewe na jirani zako wote mliolala nyuma ya msikiti wa Salale. Nakuandikia nikiwa Kibiti, nyumbani kwa dada Mwanahawa, kwenye meza ambayo shemeji anakatia nguo, na vipande vya vitambaa vimejaa miguuni pangu. Najua hakuna tarishi anayefika huko uliko. Lakini jambo hili limenijaa kifuani, na kila ninayemsimulia ananishika paji la uso kuona kama nina homa. Wewe ungelielewa bila kuelezwa mara ya pili. Basi nisikilize, na leo angalau usinikatize katikati.

Habari za huku kwanza. Mjukuu wako uliyemwacha tumboni alizaliwa salama, mwanamume, tukampa jina lako. Omari mdogo anakoroma kama Omari mkubwa, na mke wangu anasema amewekewa mashine ya kukoboa mpunga chumbani. Mto umeendelea kula ukingo wetu. Ule mnazi uliokuwa ukiegemea wakati wa kusokota ngata zako umelala majini, na kaa wamehamia kwenye mizizi yake. Bwana misitu wa sasa hana haja na bega la mtu. Anakuja kwa boti ya mashine, na akifika bara anapanda motokaa. Wenzako wa machela wamebaki na sugu za mabegani na hadithi, na siku hizi wanatafutwa pale tu anapougua mtu na masika yameshaikata njia.

Habari ya Mama nitaifikia. Najua ndiyo unayoitaka. Ngoja.

Unaikumbuka kazi yangu ya Dar es Salaam, ile uliyoicheka. Nilipokuja likizo ya mwisho kabla hujaondoka nilikueleza kwamba pale hospitali kuna chumba kidogo cha chuma, kinapanda na kushuka ndani ya ukuta kikiwa kimening'inia kwenye kamba za chuma, na mimi ndiye ninayesimama ndani nikishika mkono wake, nikiwapandisha wagonjwa kutoka chini mpaka ghorofa ya juu. Uliniuliza ni akina nani wanaovuta hizo kamba. Nikakwambia mashine. Ukaendelea kutafuna, kisha ukaniuliza kama aliyemo ndani anaweza kupata usingizi.

Nililiona swali la kizee, nikacheka. Lakini kwako kazi yote ya kubeba ilipimwa kwa jambo hilo. Yule bwana misitu mnene akikoroma kwenye machela toka Nyamisati mpaka Kibiti, ulirudi nyumbani kifua mbele kama mtu aliyevishwa nishani. Akiamka njiani, ulikosa hata hamu ya chakula, na Mama alijua kutokuuliza. Mimi sikukujibu siku ile, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa hapana. Lifti yetu ilikuwa inatetemeka.

Ilianza kidogo. Ukitoka chini inapanda vizuri, lakini ukiipita ghorofa ya pili unaanza kuisikia miguuni, mtetemo mwembamba kama wa nyuki ndani ya mzinga. Halafu unakua. Katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu sakafu yote inacheza, vyuma vya kitanda cha mgonjwa vinagongana, na meno yako yenyewe unayasikia. Ukisogea juu zaidi unapungua, unakwisha, kama hapakuwa na kitu. Mahali ni palepale kila siku, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Wagonjwa wa mifupa walikuwa wanapajua. Wengine walianza kumwita Mungu tukiwa bado chini.

Sasa Mama.

Ilikuwa masika. Alishuka dikoni kuosha vyombo, tope likamchukua, akaangukia ubavu kwenye gogo la mkandaa. Hakuweza kuinuka. Majirani walimbeba mpaka ndani, na mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka nje kwa namna ambayo dada hataki kuieleza. Walimvusha kwa mtumbwi hadi Nyamisati. Dresa wa pale akamtazama akasema huu ni mfupa wa nyonga, hapa hakuna wa kuuweza, apelekwe Dar es Salaam, na mguu usitikiswe. Alilirudia hilo la kutotikiswa. Salamu zikanifikia kwa dereva wa lori la mpunga, nikaomba ruhusa, nikaja Kibiti, na kutoka Kibiti nikateremka kwa miguu kwenye matope mpaka nikawakuta Nyamisati.

Baba, nilimkuta Mama amelala kwenye machela yako. Ile ileile, yenye turubai uliloshona mara mbili upande wa kichwani, likining'inia kwenye mti wake mrefu wa mkoko. Nilipiga magoti matopeni nikijifuta macho. Yeye akaniambia, "Usinililie, mwanangu. Nililie tukifika."

Wabebaji walikuwa vijana wa Salale, wakata mikoko, vifua kama milango, na wote wanampenda kwa sababu hakuna kati yao ambaye hakula wali wake. Unawajua vijana wa mikoko. Kazi waliyolelewa nayo ni kuvuta boriti kutoka kwenye tope, na boriti haitoki ila watu wote wavute pamoja, kwa wimbo mmoja. Basi walipoingia chini ya mti wa machela, nami pamoja nao, walifanya kama walivyozoea. Mmoja akaanzisha, wengine wakaitikia, na miguu ikashuka chini kwa pamoja. Walifanya kwa mapenzi kabisa. Walidhani wakiimba vizuri zaidi Mama atapata nafuu zaidi.

Na machela ikaanza kuruka. Kwanza kidogo, halafu juu na chini, juu na chini, mti unapinda katikati kama upinde, na Mama ndani yake anarushwa kama mpunga kwenye ungo. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake, hata siku tuliyokuzika. Vijana wakaogopa, wakaongeza mwendo ili wafike upesi, na wimbo ukaongezeka.

Mzee Ngwele alikuwa nyuma yetu, yule mwenzako wa bega la kushoto. Hawezi tena kubeba, goti limemkataa, lakini alikuja na fimbo yake kwa ajili ya jina lako. Akasimama katikati ya njia akatupigia kelele tuweke chini. Tukaweka. Akawaambia vijana, "Omari angewachapa nyie. Mnakubaliana na mti!"

Neno lako, Baba. Nilikuwa nimelisahau. Ulikuwa ukilisema kila mara unapofundisha watu wapya, na mimi nikiwa mdogo nilidhani ni neno la kiganga: msikubaliane na mti. Mzee Ngwele akawaeleza kwamba mti wa machela una mwendo wake, umezaliwa nao, na mtu akikanyaga kwa mwendo huo mti unamwitikia, na wakikanyaga wote unaitikia mpaka unamtupa mgonjwa. Kila mtu awe na mguu wake. Mmoja akishusha, mwingine awe anainua. Na hakuna kuimba.

Ungeliona jambo lenyewe ungecheka mpaka ukohoe. Kutembea ovyo ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kuvuta na wenziwe. Miguu inatafutana yenyewe. Wakienda kidogo, hao wameshapatana tena, na Mzee Ngwele anawakaripia nyuma. Mwisho kila mmoja akapewa kitu chake cha kusema kimoyomoyo ili ashike mwendo wake. Mmoja akasoma sura aliyoijua, mwingine akataja majina ya ukoo wake tangu babu, mimi nikawa nahesabu ghorofa za hospitali. Aliyekuwa mfupi akawekewa ngata begani, mti ukakaa sawa. Tulionekana kama walevi watokao ngomani. Lakini mti ukatulia. Turubai likawa linakwenda mbele tu, kama mtumbwi kwenye maji yaliyojaa. Nikamtazama Mama, nikaona uso umelegea na mdomo umefunguka kidogo. Alikuwa amelala.

Kibiti tulimpakia kwenye lori, juu ya magodoro ya sufi na majani ya mpunga, na shemeji akakaa na dereva kumzuia asikimbize. Tukafika. Pale hospitali kwetu daktari akampiga picha ya mifupa, akamfunga mguu na uzito ukaning'inia mwisho wa kitanda, kisha akaniita pembeni. Ni Mwingereza, mrefu, anasema polepole. Aliniambia mfupa umekatika shingoni pake na utapigwa msumari wa chuma ili ushike, na kwamba akina mama wa umri ule wakiachwa kitandani muda mrefu kifua kinajaa maji, wanakwenda. Kwa hiyo haraka inatakiwa. Lakini chumba cha kupasulia kiko juu kabisa, na yeye alishamwona mtu akizimia ndani ya lifti yangu, palepale kati ya pili na tatu, ncha za mfupa zilipokwaruzana. Ngazi nazo ni nyembamba na zina kona. Kitanda kingepita kwa kulazwa upande. Akasema fundi ameshaitwa. Tusubiri kidogo, ila hatuwezi kusubiri sana.

Unaelewa nilivyokuwa. Mkono wa lifti ninao mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nimpeleke mama yangu mpaka mahali pale nikijua kabisa kinachomngoja, na nisipompeleka anabaki chini mpaka kifua kijae. Nilikuwa nawapandisha wagonjwa wengine na kila nikipita pale nilisikia mtetemo ule unapanda kwenye mifupa yangu, na sikuweza kuwatazama usoni.

Fundi akaja asubuhi. Kalasinga, anaitwa Gurdit, kilemba cha buluu, ndevu amezifunga kwenye wavu, Kiswahili chake cha Tanga. Hakufungua kitu chochote. Aliomba bakuli la maji. Nesi akamletea la enameli, akaliweka katikati ya sakafu ya lifti, tukafunga mlango, akaniambia nipandishe kwa mwendo wa kawaida, na tuangalie wote wawili.

Nikapandisha. Maji yakayumba kidogo tulipoanza, yakatulia. Tukaipita ghorofa ya pili. Nikaanza kuusikia miguuni, na mara maji yakabadilika, Baba. Yakajaa mistari. Vilitokea viduara ndani ya viduara, vyembamba, vimesimama mahali pamoja vinametameta, kama vimechorwa na mtu mwenye mkono mtulivu kuliko mikono yote. Nilikuwa nimeusikia mtetemo ule kwa muda mrefu, na leo niliuona kwa macho. Ulikuwa na umbo. Kitu kilichowafanya watu walie kilikuwa kizuri kama maandishi juu ya mlango wa msikiti. Nilisema Subhanallah bila kujua kama nimefungua mdomo. Tukasogea juu, mistari ikafifia, maji yakawa maji.

Fundi akaguna, akaniambia nishushe tena, tupande tena. Ikawa vilevile. Ndipo akakaa juu ya kisanduku chake akanieleza. Kule juu ya paa kuna mashine inayozungusha gurudumu, na mashine yoyote inapozunguka ina mtikisiko wake, mdogo, wa daima. Mtikisiko huo unateremka kwenye kamba. Na kamba nazo, kwa sababu zimekazwa na zinabeba mzigo, zina mwendo wake zenyewe, kama uzi wa zeze. Zikiwa ndefu zina mwendo mmoja, zikifupika zina mwendo mwingine, na lifti ikipanda kamba zinafupika. Basi kuna mahali pamoja katika safari ambapo urefu wa kamba unakuwa sawasawa na ule unaotaka kuitikia mtikisiko wa mashine. Hapo kila kisukumo kinakutana na kingine, kinaongezeka, kinaongezeka. Ukipita hapo, haviitikiani tena.

Akasema, "Mashine na kamba zinakubaliana. Kazi yangu ni kuzigombanisha."

Baba, nilikaa chini. Nilikaa sakafuni mwa lifti, na sare yangu ya kaki, karibu na bakuli. Nilikuwa nimetoka juzi tu kwenye tope la Nyamisati nikiambiwa neno hilohilo, na Mzee Ngwele alilipata kwako, na wewe ulilipata mabegani, kwa kutembea. Na huyu kalisoma kwenye vitabu na kulifanyia kazi mijini. Hamkuwahi kuonana. Na lililo kweli kwenye mti wa mkoko uliobebwa na watu wanaotembea peku, ni kweli kwenye kamba za chuma ndani ya ukuta wa zege. Sheria ni moja. Aliyeiweka aliiweka kila mahali, na akawaachia watu wa kila kabila waikute kila mmoja kwa njia ya kazi yake. Nilijihisi mdogo na mwenye furaha kwa wakati mmoja, sijui kukueleza vizuri zaidi.

Fundi akadhani naumwa. Nikamweleza habari zako, jinsi ulivyokuwa ukiwapanga watu miguu, na ule wimbo wa vijana. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kilemba kwa furaha. Akaniambia askari wakifika darajani huamriwa kuvunja mguu, kila mtu apite anavyojua, ili daraja lisije likawaitikia. Akasema, "Baba yako angefaa kwenye kazi hii." Nikamwambia baba yangu aliicheka kazi hii. Tukacheka wote.

Kisha tukafanya kazi, nami alinichukua mpaka juu ya paa, chumba cha mashine. Ni mahali pa ajabu. Gurudumu kubwa linazunguka taratibu na kamba zinaingia na kutoka kwenye mifereji yake kama nyoka wenye adabu. Fundi alizishika kamba zote nne, moja moja, akazivuta kwa kidole, akaniambia nisikilize. Moja ilikuwa imelegea, nyingine imekaza sana, kwa hiyo mzigo ulikuwa unabebwa na wachache na wengine wanatembea tu. Nikakumbuka ngata ya yule mfupi. Alizikaza na kuzilegeza mpaka zote zikashika sawa, na akaweka springi mahali zinaposhikana na lifti. Kazi kubwa ilikuwa ya mashine yenyewe. Aliyeiweka mwanzo aliifunga moja kwa moja juu ya chuma cha jengo, kavu kwa kavu. Tukaiinua kwa jeki, kidogo kidogo, tukaiwekea chini vipande vinene vya mpira mweusi, ili mtikisiko wake uishie pale pale usiteremke. Tukatia mafuta kwenye reli za pembeni, na vile viatu vinavyoteleza kwenye reli tukavibadilisha.

Wakati wote ule nilikuwa nashuka kila nikipata nafasi kumtazama Mama. Kikohozi kilikuwa kimeanza. Daktari alimsikiliza mgongoni, akanitazama, kisha akatazama juu kuelekea kwenye paa.

Tulipomaliza tukaweka tena bakuli. Sikuweza kuangalia. Fundi akaniambia, wewe shika mkono wako, macho niachie mimi. Tukapanda. Tukapita ghorofa ya pili. Nikasubiri nyayoni. Nikasubiri. Niliposikia fundi anacheka kidogo ndani ya ndevu zake nikatazama chini, na ndani ya maji niliona taa ya dari, nzima, imetulia, haikukatika hata mara moja.

Akanionya jambo moja. Alisema mashine amekwisha kuituliza, lakini kuondoka na kusimama ni mkono wangu. Nikiuvuta kwa papara, kazi yote ni bure. Nilifanya mazoezi na lifti tupu mpaka mkono ukajua wenyewe.

Wakamleta Mama. Kitanda kikaingia, na nesi, na mimi. Alikuwa amefumba macho, midomo inasoma. Nilimwambia, Mama, sasa tunapanda, usiogope. Akaniuliza bila kufumbua macho, "Leo wabebaji wangapi?"

Nikafikiria kamba. Nikamwambia wanne.

"Waambie wasiimbe," akasema.

Nikasogeza mkono wa lifti polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Tukaondoka. Nesi alikuwa anatazama mlango, mimi natazama uso wa Mama. Ghorofa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nilijua tumefika mahali pale, nyayo zangu zinapajua kuliko zinavyojua mlango wa nyumba yangu, na nikashika pumzi. Uso wake haukubadilika. Uzito ulioning'inia mguuni haukucheza. Tukapita ya tatu, tukafika juu, nikasimamisha, na nesi akafungua mlango, na daktari alikuwa amesimama nje akisubiri kusikia ukelele.

Mama akafumbua macho akanitazama kwa ukali kidogo, ule wa kwake wa jikoni. Akasema, "Mbona hatuondoki?"

Nililia hapo, Baba. Aliniambia nilie tukifika, na tulikuwa tumefika. Nesi alinipa kitambaa, na daktari alijifanya anasoma kitu ukutani.

Msumari ulipigwa. Alirudi wodini, na mimi nikamteremsha mwenyewe kwa mkono uleule. Kikohozi kilimsumbua, kulikuwa na siku ambazo sikujua nimwombee nini, apone au apumzike. Halafu kikamwachia. Daktari alisema mfupa umekaa mahali pake sawasawa na haukusogea hata kidogo njiani, na akaniambia nimfikishie fundi shukrani zake. Nilifikisha. Nilitaka kufikisha na kwako, ndiyo maana kalamu hii iko mkononi.

Lakini kuna la kusikitisha ambalo lazima ulijue. Daktari hakuwa na hakika kama atatembea tena. Alisema mfupa unaweza kushika na mtu akabaki anabebwa mpaka mwisho wa siku zake. Tulimleta hapa Kibiti kwa dada, na miezi ikapita yuko kitandani na kwenye mkeka, anapepeta mchele akiwa amekaa, anawaamrisha watoto kwa sauti ileile, na kila jioni dada anamsimamisha kwa kumkumbatia na anashindwa. Mzee Ngwele alileta salamu kwamba vijana wako tayari kumbeba wakati wowote anaotaka kurudi Salale kukuzuru, na sasa wanajua kutembea. Mama alishukuru, akaendelea kupepeta mchele wake.

Mwezi uliopita dada alikuwa uani anaanua nguo akasikia kuku wanafukuzwa. Akageuka. Mama alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una mwiko, amesimama, na anamtukana jogoo. Alipoona anatazamwa akaachia nguzo akapiga hatua. Kisha nyingine. Dada alitaka kumkimbilia, akaambiwa akae alipo. Nilipokuja juzi kwa likizo alinipokea mlangoni na fimbo yake. Anachechemea, mguu mmoja umekuwa mfupi kidogo, na anauita mguu wa serikali kwa sababu ya chuma kilichomo. Nimemwona akienda kisimani na kurudi. Nimekaa nikimtazama kama mtu anayetazama mwezi ukiandama.

Usiku wa kuamkia leo aliniambia nikuandikie. Nilidhani anatania. Akasema nikwambie kwamba njia ikikauka anakuja, na wale vijana wa watu wapumzike, yeye amebebwa vya kutosha.

Basi kwaheri kwa leo, Baba yangu. Mungu akupanulie hapo ulipolala na akupe usingizi ule uliokuwa ukiwatafutia wengine. Nakuahidi nitamleta. Tutakuja na motokaa mpaka njia inapoishia, na mtumbwi mpaka dikoni, na pale sitamshika mkono, amenikataza. Nitatembea nyuma yake. Atasimama nje ya ukuta wa makaburi, kama wanawake wa kwetu wanavyosimama, atakusalimia kwa sauti, na utamjua kwa hatua zake kabla hajasema neno. Anakuja kwa miguu yake.

Mwanao,
Seif